Nyumba Isiyo na Saa ya Kufunga



Ndugu wapendwa, juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa muda mrefu tumelipita kando, tukidhani kwamba ni la wachumi wala si la mimbari. Ni habari ya biashara zinazofanyika majumbani mwetu: maandazi yanayokaangwa alfajiri, mbege inayopikwa nyuma ya nyumba, kuku wa mayai walio uani, cherehani iliyo sebuleni. Na hasa ni habari ya mtu azibebaye biashara hizo, na jinsi anavyochoka bila mtu kumwona.

Jumapili moja, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja alibaki nje ya sakristia mpaka watu wote walipotawanyika. Tulidhani amekuja kuandikisha nia ya Misa. Akasema, "Baba Paroko, sikuja kuungama. Nimekuja kusema tu, maana sina wa kumwambia. Nimeanza kuichukia nyumba yangu." Kwa kuwa maneno yale hayakuwa ya kitubio, tulimwomba baadaye ruhusa ya kuyasimulia, naye akakubali kwa sharti kwamba jina lake na kijiji chake visitajwe.

Tuliketi naye kwenye benchi, akatueleza siku yake. Anaamka saa 9 usiku kukanda unga, kwa sababu saa 12 asubuhi maandazi hayana budi kuwa yamefika madukani. Kisha anawaandaa watoto waende shule, anamkamua ng'ombe na kumtafutia majani. Mchana anashona sare za shule. Jioni wanakuja wateja wa mayai, na kila wa kwanza akiondoka wa pili yuko getini. Usiku ni simu: huyu anaulizia sare, yule anataka maandazi mia mbili ya msiba. Watu wote wakishalala, yeye anahesabu fedha za marejesho ya kikundi. Tulipojumlisha naye saa za biashara peke yake, tukiziacha za kupika, kufua na kulea, tulipata saa 14 kwa siku, siku 7, yaani saa 98 kwa juma.

Lakini si hesabu hiyo iliyomtoa machozi. Alitueleza kwamba jioni moja, akiwa jikoni, alisikia hodi dirishani. "Hodi! Naomba maandazi." Akageuka upesi huku akisema karibu. Dirishani alisimama mwanawe wa mwisho, mwenye miaka 6, mkononi ameshika sarafu ya shilingi 200 aliyopewa na bibi yake. Mama akamwuliza, "Mwanangu, mbona unanunua maandazi ya kwenu?" Mtoto akajibu, "Wateja wakikuita, unakuja."

Wapendwa, hatukuwa na jibu, na tulikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Mama huyo tulikuwa tumemsifu mbele ya waamini wote, siku ya kutoa mavuno, kuwa ni mfano wa mwanamke asiyelala. Tena parokia yenyewe ilikuwa miongoni mwa wateja wake wasumbufu. Zaidi ya mara moja tulimpigia simu Jumamosi usiku tukitaka vitafunio vya semina ya kesho yake, na siku ile alipokaa nasi kwenye benchi, parokia ilikuwa bado haijamlipa deni la miezi mitatu. Hakulitaja. Sisi ndio tuliolikumbuka, tukaona haya.

Tujiulize kwanza tulifikaje hapa. Wazee wa mlimani watakumbuka kwamba zamani kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi, maziwa na mbege vilikuwa vya mama. Kahawa iliyopandwa Kilema na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 ilikuja kuwa fedha ya ada, ya bati na ya matibabu, na chama cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kikawa nguzo ya uchumi wetu. Kisha utaratibu wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ukavunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na kihamba kilichogawanywa kwa wana na wajukuu kikazidi kuwa kidogo. Mzigo wa fedha ukahamia taratibu kwenye kile kilichoitwa "vijisenti vya mama". Lakini kazi za nyumbani alizokuwa nazo hazikuhama kwenda kwa mtu mwingine. Aliongezewa za pili bila kupunguziwa za kwanza.

Pamoja na hayo, biashara ya nyumbani ina ugumu wake wa pekee. Mwenye kibanda Mbuyuni au Kiboriloni hufunga mlango jioni, akatia kufuli, akapanda daladala kurudi nyumbani. Amechoka, lakini anayo mahali pa kuuacha uchovu. Huyu wa nyumbani akimaliza kazi aende wapi? Kitanda kiko hatua kumi kutoka kwenye unga. Anapokula anaona trei za mayai. Anaposali Rozari simu inaita. Pasipokuwa na mlango kati ya kazi na maisha, kazi haimwachi mtu hata pale anapoketi.

Tazameni pia jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba saa za kawaida za mwajiriwa zisizidi 45 kwa juma, na kwamba apewe mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Mwajiri akimfanyisha mtu kazi saa 98 bila siku ya mapumziko, sisi sote tutasema ni mkatili. Lakini mama wa biashara ya nyumbani ni mwajiri na mwajiriwa kwa wakati mmoja, naye anajitendea asivyoruhusiwa kumtendea mtu mwingine. Na mwili hauulizi ni nani aliyeuchosha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa utafiti ulioonyesha kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa karibu asilimia 35 kuliko yule wa saa 35 hadi 40. Sisi mapadre tunaoitwa usiku kuwapaka mafuta wagonjwa hatushangazwi na hesabu hiyo.

Hapo ndipo tunapotaka kutoa maoni yetu waziwazi. Tunaamini kwamba mahubiri yetu yamechangia kosa hili. Mara ngapi tumesoma sura ya 31 ya kitabu cha Mithali, ile ya mke mwema, tukawaambia akina mama: mwoneni, anaamka kabla ya mapambazuko, taa yake haizimwi! Tukaishia hapo. Hatukuwasomea vizuri kwamba mwanamke yule ana watumishi aliowagawia kazi. Kwamba analima, ananunua na kuuza akiwa na watu wa kumsaidia. Kwamba mumewe anamjua na kumsifu, na watoto wake wanamwita mbarikiwa. Tumeichukua taa tukaacha wasaidizi. Tumemfanya mwanamke wa Mithali kuwa mtu mmoja anayefanya kazi ya watu sita, kisha tumemwambia mama wa Kibosho, wa Rombo au wa Machame awe kama yeye.

Twajua jibu litakalokuja, na ni la haki: "Baba, nikipumzika tutakula nini?" La hasha, hatuwahubirii wenye shida uvivu. Maneno ya kupumzika yakitoka kwa mtu ambaye chakula chake kinapikwa na mwingine yanaweza kuwa tusi. Kwa hiyo hatusemi "fanyeni kazi kidogo". Tunasema kwamba kazi isiyo na mpaka haileti hata hiyo fedha inayotafutwa. Aliyechoka hukosea vipimo, huunguza mafuta, husahau madeni ya watu, humfokea mteja, na mwisho hulipa hospitalini alichopata kwa miezi sita.

Babu zetu walilijua jambo hili kwa njia ya maji. Mifongo yetu, ile mifereji iliyochimbwa kwa mikono kutoka kwenye vijito vya mlimani, haikuwahi kuwa na maji ya kuwatosha watu wote kwa wakati mmoja. Ilitosha kwa sababu ilikuwa na zamu. Leo ukoo huu, kesho ule. Saa yako ikiisha unafunga, hata kama migomba yako bado ina kiu, kwa sababu aliye chini naye anangoja. Aliyeacha maji yakimbie shambani mwake mchana na usiku hakuonekana hodari. Alionekana mharibifu, tena mwishowe maji yaliuchukua udongo wake mwenyewe. Saa zetu ni kama maji hayo. Biashara ina zamu yake, watoto wana zamu yao, mwili una zamu yake, na Mungu ana zamu yake. Yeyote akinyimwa zamu kwa muda mrefu, shamba lake litakauka.

Basi, pamoja na mama yule, na baadaye pamoja na wenzake wa jumuiya, tuliyatafakari mambo machache ya kutenda. Tunawaandikia jinsi yalivyo, nanyi mchague yanayowafaa.

La kwanza ni saa ya kufunga. Nyumba haina kufuli la duka, basi iwekewe alama. Mama yule alitundika kitambaa chekundu kwenye dirisha la jikoni: kikiwapo, biashara iko wazi; saa 1 usiku kinatolewa, na hodi ya mteja inajibiwa kwa upole kwamba karibu kesho. Simu nayo ilipewa saa. Wateja wawili walikasirika wakaenda kwingine, hatutawaficha. Waliobaki walizoea ndani ya juma moja.

La pili ni kuandika saa, si fedha peke yake. Wengi wetu tuna daftari la mapato na matumizi, lakini hakuna aandikaye muda. Tuseme kazi moja inakuachia faida ya shilingi 6,000 kwa saa 3; hiyo ni shilingi 2,000 kwa saa. Nyingine inakuachia shilingi 4,000 lakini inakula saa 8. Hiyo ni shilingi 500 kwa saa. Ukitazama fedha peke yake utaona zote zina faida. Ukitazama saa utajua ipi ya kuiacha. Mama yule aliandika kwa majuma mawili, akagundua kwamba sare, zilizomnyima usingizi kuliko kazi nyingine zote, ndizo zilizomlipa kidogo kuliko zote. Sasa anashona mwezi wa kufungua shule tu, tena kwa oda zilizolipiwa nusu mapema.

La tatu ni kuiheshimu kazi kwa saa yake yenyewe. Wapikaji wa mbege wanalijua hili kuliko sisi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo zichanganywe na uji wa kimea cha ulezi; na ikishakuwa tayari haingoji, maana ikilala mno huwa kali isiyonyweka. Hakuna anayeweza kukubali oda ya mbege ya kesho. Kwa nini basi tunakubali oda ya kesho ya kila kitu kingine? Masoko ya mlimani nayo yamegawana siku tangu zamani, ili mama auzaye hapa leo asilazimike kuwa pale pia. Igawe na wewe juma lako: siku ya kukanda, siku ya kununua, siku ya kukusanya madeni. Na kwa ajili ya Desemba, ndugu zetu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko na kila boma linataka mbege, maziwa na vitafunio, anza kuandika oda Novemba, na daftari likijaa, lifunge.

La nne ni kutenga mifuko. Msongo wa mawazo wa usiku aghalabu hautokani na kazi bali na fedha zilizochanganyika. Fedha ya unga imenunua dawa, fedha ya ada imenunua unga, na Ijumaa ni siku ya marejesho. Weka fedha ya biashara mahali pake na ujilipe mshahara, hata uwe mdogo. Na tunawasihi, jiepusheni na ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mkopo unaokulazimisha kuamka saa 9 usiku ili ulipe riba ya mkopo mwingine hautaikuza biashara yako kamwe.

La tano tunawaelekeza akina baba na vijana wa kiume. Ndugu wanaume, kama biashara ya mama ndiyo inayolipa ada, basi si "kamradi ka mama" tena; ni kihamba cha familia. Kumkatia ng'ombe majani, kupeleka maandazi dukani, kuosha vyombo vya jikoni hakuondoi uanaume wa mtu. UWAKA wa parokia yetu walipozungumza jambo hili palikuwa na vicheko, kisha pakawa kimya. Tunakipenda kile kimya kuliko vile vicheko.

La sita ni afya. Asiyepata usingizi kwa majuma, anayesikia moyo ukienda mbio akiwa ameketi, mwenye kichwa kinachouma kila jioni, aende kupima shinikizo la damu. Hospitali za Kilema na Kibosho ziko karibu na wengi wetu, na KCMC iko mjini. Asije kwetu tu kuombewa. Someni habari za nabii Eliya katika sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme: alipochoka hata akaomba kufa, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, akampa mkate na maji. Akalala tena, akapewa tena. Ndipo safari ikaendelea. Ikiwa Mungu alianza na usingizi na mkate, sisi ni nani hata tuanze na lawama?

La mwisho ni Jumapili. Tukisema juu yake, mara nyingi tunamtazama mwenye kuuza. Leo tumtazame mnunuzi. Katekisimu, katika namba 2187, inatufundisha kwamba kila Mkristo aepuke kuwadai wengine, pasipo lazima, mambo yatakayowazuia kuitunza Siku ya Bwana. Wewe unayetoka Misa ukapita kugonga dirisha la mama kwa sababu nyumbani sukari imeisha, umeipokea Ekaristi, na mwenzako umemwondolea mapumziko. Ungeweza kununua Jumamosi.

Nasi tuanze kwetu. Deni la mama yule lililipwa juma lile lile, na tulimwomba radhi. Halmashauri ya walei imekubaliana nasi kwamba kuanzia sasa oda zote za parokia zitatolewa kabla ya Alhamisi mchana na kulipwa siku ya kupokelewa. Na vikao vya kamati vitakavyohitaji akina mama wafanyao biashara havitafanyika Jumamosi jioni. Jumuiya na WAWATA nao waangalie kama michango na mikutano yao inampa mtu nafuu au inamwongezea zamu nyingine ya usiku.

Msidhani kwamba mambo yote yamekwisha kuwa mema katika nyumba ile. Mama bado anaamka mapema, ng'ombe bado anataka majani, na mwezi uliopita fedha ilipungua. Lakini alitusimulia jambo moja juzi. Jioni moja, kitambaa kikiwa kimekwisha kuondolewa, mtoto alikuja tena dirishani na sarafu yake, akabisha hodi. Mama akamwambia, "Mteja, tumefunga." Mtoto akazunguka nyumba mbio, akaingia kwa mlango wa mbele.

Swali la kutafakari katika jumuiya juma hili: nyumbani kwetu tunafunga saa ngapi, na ni nani anayengoja tufunge?

Mungu awabariki nyote. Tuonane Jumapili.